Je, Wajua? Teraflopi 6.17 Dhidi ya 4.37

Je, wajua kwamba kadi ya grafiki yenye teraflopi 6.17 iliwahi kutoshana nguvu na yenye teraflopi 4.37? Ya kwanza ni Radeon RX 580 ya AMD, ya gigabaiti 8, iliyotoka Aprili 2017 kwa dola 229. Ya pili ni GeForce GTX 1060 ya Nvidia, ya gigabaiti 6, iliyotoka Julai 2016 kwa dola 249. Kwenye karatasi RX 580 inaongoza kwa asilimia 41. Zilipopambanishwa kwenye gemu za wakati ule zilikabana koo, hii ikishinda gemu moja na ile ikishinda nyingine.

Je, wajua teraflopi hizo, yaani trilioni za hesabu kwa sekunde, hupatikanaje? Hazipimwi kwa chombo chochote. Ni hesabu tu: idadi ya viini, mara 2, mara kasi ya saa ya chipu. Hiyo 2 inatokana na uwezo wa kila kiini kuzidisha na kujumlisha kwa mpigo mmoja. GTX 1060 ina viini 1,280 na kasi ya megahezi 1,708. Zidisha, kisha gawa kwa milioni, utaona 4.37. RX 580 ina viini 2,304 na megahezi 1,340. Hapo ndipo 6.17 inapotoka. Simu yako inatosha kuthibitisha. Tatizo la hesabu hiyo ni kudhani kwamba kila kiini kina kazi kila mpigo, kama mtu anayekadiria mapato ya daladala kwa kuamini itajaa abiria kila safari tangu alfajiri hadi usiku. Hakuna gemu inayofanya kazi hivyo.

Na hata kasi ya saa yenyewe haisemi yote. Megahezi 1,708 za GTX 1060 ni makadirio ya chini. Kadi ikipata ubaridi wa kutosha hupanda yenyewe na kupita hapo.

Je, wajua kwa nini viini vya AMD vilikaa bure zaidi? Hapa ndipo penye utamu wa habari yote. Usanifu wa RX 580 hufunga kazi katika mafungu ya 64, ule wa GTX 1060 katika mafungu ya 32. Kazi inapokuwa ndogo, au inapogawanyika njia mbili katikati, fungu kubwa hubaki na nafasi nyingi zaidi zisizotumika. Juu ya hilo kuna draiva. Katika gemu za DirectX 11, draiva ya Nvidia ilijua zaidi kugawa mzigo kwenye prosesa kuu ya kompyuta, kwa hiyo kadi haikusubiri sana maagizo. Julai 2016 gemu ya Doom ilipoongezewa Vulkan, mfumo mwingine wa kuiamuru kadi, kadi za AMD za usanifu huo ziliruka kwa kiwango kilichowashangaza wengi. Nguvu ilikuwamo siku zote, ila ilikosa wa kuiita. Vulkan yenyewe ilijengwa juu ya msingi wa Mantle, kazi iliyoanzishwa na AMD.

Je, wajua kwamba kuna namba moja ya karatasi ambayo GTX 1060 inashinda kwa mbali? Ni vitengo vinavyomalizia pikseli kabla hazijaenda kwenye skrini: 48 dhidi ya 32. Wanunuzi wachache huitazama.

Kumbukumbu nayo ina kisa chake. RX 580 ina njia ya biti 256 inayopitisha gigabaiti 256 kwa sekunde. GTX 1060 ina biti 192 na gigabaiti 192 kwa sekunde. Mbona hiyo ya pili haikusongwa? Mwaka 2016 mchambuzi David Kanter alionyesha kwamba chipu za Nvidia za vizazi vya Maxwell na Pascal huchora picha kipande kwa kipande, zikiweka kazi kwenye hifadhi ndogo ya ndani ya chipu badala ya kwenda na kurudi kwenye kumbukumbu ya nje. Njia nyembamba ikatosha.

Je, wajua tofauti ya umeme? Wati 185 kwa RX 580, wati 120 kwa GTX 1060. Ukicheza saa 4 kila siku kadi ikiwa kwenye kilele chake, hizo wati 65 za ziada ni karibu uniti 8 kwa mwezi. Anayenunua umeme kwa LUKU au kwa tokeni azihesabu kabla ya kuhesabu teraflopi.

Je, wajua kwamba kwa namba za nusu usahihi, zinazotumika sana katika akili bandia, GTX 1060 hushuka hadi sehemu 1 ya 64 ya nguvu yake? RX 580 haishuki hata kidogo. Lakini programu nyingi za akili bandia zimeandikwa kwa mfumo wa CUDA, na mfumo huo ni wa Nvidia peke yake.

Sasa lililo zito kuliko yote kwa mwenye pesa mkononi: majina haya hayaaminiki. Agosti 2016 Nvidia ilitoa GTX 1060 nyingine ya gigabaiti 3. Mtu angedhani kilichopungua ni kumbukumbu tu, kumbe na viini vilishuka hadi 1,152. Oktoba 2018 ikatokea China RX 580 yenye viini 2,048, idadi ileile ya RX 570 iliyo chini yake. Kuiuza kwa jina la RX 580 ni kumkosea mnunuzi, na sioni namna ya kulitetea jambo hilo. Kisha Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, kadi nyingi zilizokesha migodini zikaingia soko la mitumba, na RX 580 ilikuwa kipenzi cha wachimbaji hao.

Kwa gemu mpya zinazokula kumbukumbu, ningechukua RX 580, kwa sababu ya gigabaiti zake 8 na si kwa teraflopi zake. Ila ukifika dukani, usitoe hela kabla muuzaji hajaiwasha kadi na kufungua GPU-Z, programu ya bure. Tazama idadi ya viini: ikisoma 2,304, lipa, ikisoma 2,048, lipa bei ya RX 570 au ondoka.