Pampu ya Maji Ikiharibika Katika Motokari ya Zamani

Ndugu mfanyakazi, kule kazini Kinsevere pampu ikianza kuvuja unajua la kufanya. Unaizima. Unatia kufuli lako na kibao chenye jina lako. Unangoja presha itoke, ndipo unashika spana. Lakini Jumapili motokari yako ikichemka kando ya barabara, watoto wanalia kwa joto na mama anauliza tutafika saa ngapi, wewe yule yule unafungua kifuniko cha radiatere kwa kitambaa cha mkononi. Maji yanakurukia usoni. Kesho yake hauko kazini, uko hospitali.

Pampu ya nyumbani inataka sheria zile zile za pampu ya kazini. Tuangalie pamoja kwa nini.

KAZI YA PAMPU

Motere inachoma mafuta, na moto huo lazima uende mahali. Pampu inasukuma maji kupita ndani ya motere, yakabeba joto, kisha yanapita katika radiatere na kupozwa na upepo. Mkanda unaizungusha pampu. Ndani yake mna mhimili, beringi, sili inayozuia maji, na gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji.

Si kila motokari ya zamani inayo pampu hii. Volkswagen ya kobe na Porsche 911 za miaka ya 1970 zinapozwa na hewa. Lakini Peugeot 504 Coupé inayo, na Datsun 240Z inayo. Wazee wanazikumbuka hizo katika mashindano ya Safari Rally, Afrika ya Mashariki. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, tena mwaka 1973 na Shekhar Mehta. Peugeot 504 Coupé ilishinda mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Zilipita matope na vumbi kama letu. Lakini nyuma yao walikuwa mafundi wa kuzikagua. Ya kwako ina wewe tu.

KWA NINI INAHARIBIKA

Motokari ya mbio ya zamani mara nyingi ni motokari ya Jumapili. Inalala majuma mengi chini ya turubai. Sili inakauka na kupasuka. Maji matupu ya bomba yanatia kutu, na kutu inakula mapanga mpaka pampu inazunguka bure. Halafu wako wanaokaza mkanda mno wakidhani wanafanya vema: beringi inavutwa upande mmoja na inakufa mapema. Mkanda mzuri, ukiukandamiza kwa kidole gumba katikati, unashuka kama sentimeta 1.

DALILI ZAKE

Pampu haifi bila kusema. Chini yake kuna tundu dogo. Likitoa tone la maji, au likiwa na alama nyeupe au ya kutu, sili imekwisha. Usilizibe tundu hilo. Limewekwa makusudi ili likuonye.

Sikiliza sauti ya kusaga mbele ya motere. Motere ikiwa imezimwa na imepoa, shika panga la feni ulitikise mbele na nyuma. Katika 240Z feni imefungwa juu ya pampu yenyewe, basi feni ikicheza, beringi imekwisha. Ukiendelea kuendesha, feni inaweza kuingia ndani ya radiatere.

Angalia pia mshale wa joto. Ukipanda, simama. Lakini jihadhari: maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kushuka, kwa kuwa hakuna maji tena ya kuugusa ule mtambo wa kupima. Dereva anafurahi kwamba motere imepoa, kumbe inaungua. Na taa ya betri ikiwaka ghafula wakati mshale unapanda, huenda mkanda umekatika: mara nyingi mkanda ule ule unazungusha pampu na kuchaji betri.

IKICHEMKA NJIANI

Kutoka Kinsevere mpaka Lubumbashi ni kama kilometa 30, na magari makubwa ya mizigo hayana huruma. Fanya hivi kwa utaratibu:

1. Toka barabarani kabisa, zima motere. Usiseme «nitafika tu». Kichwa cha motere hizi mara nyingi ni cha aluminiamu, na dakika chache za joto kali zinatosha kukipinda. Pampu inagharimu kidogo, kichwa kinagharimu sana.

2. Washushe watu wote upande wa mbali na barabara. Watoto wakae na mama kivulini, mbali na boneti. Weka pembetatu nyuma.

3. Mvuke ukitoka, usifungue boneti mpaka utulie.

4. Usiguse kifuniko cha radiatere. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa radiatere bila kuungua na bila kuuona mgumu kwa presha.

5. Ndipo ufunike kifuniko kwa kitambaa kizito, ugeuze uso pembeni, ukizungushe mpaka kituo cha kwanza tu. Sauti ya mvuke ikiisha, kiondoe.

6. Mimina maji polepole. Maji baridi mengi katika motere yenye moto yanaweza kuipasua.

Kama beringi imekufa au mkanda hauko, maji hayatasaidia kitu. Tafuta gari la kukuvuta. Kuvutwa si aibu.

KWA NINI MAJI YANARUKA

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji ya sufuria hapa yanachemka karibu digrii 96. Lakini kifuniko cha radiatere kinayabana kwa presha, na ndani yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Siku ukikifungua, presha inaondoka kwa nukta moja, maji yanachemka mara moja, na sehemu inageuka mvuke. Mvuke unahitaji nafasi nyingi, kwa hiyo unasukuma maji yote nje, juu ya uso na kifua chako. Hakuna kitambaa cha mkononi kinachoweza kuzuia hayo.

MTU AKIUNGUA

Weka mahali palipoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Toa pete na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi iache. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala asali. Funika kwa kitambaa safi. Kama ni uso, macho, mkono, au ni mtoto, au kidonda kinazidi kiganja cha mgonjwa, nenda hospitali mara moja.

KUIBADILISHA

Fanya kazi motere ikiwa baridi. Toa waya wa betri kwanza, funguo ziwe mfukoni mwako, si kwa mtoto anayecheza ndani. Linganisha pampu mpya na ya zamani: matundu ya bolti, urefu wa mhimili, mapanga. Kwangua gasketi ya zamani bila kuchana aluminiamu. Kaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana. Badilisha na mkanda, na mipira iliyopasuka. Ukiwasha motere kutoa hewa, mlango wa garaji uwe wazi, kwa maana moshi wa motere unaua bila harufu ya kukuonya. Mikono, tai na mikono mirefu ya shati ikae mbali na feni.

Mama wa nyumba, neno hili ni lako pia. Maji ya rangi ya radiatere ni matamu na ni sumu kali kwa mtoto, kwa mbwa na kwa mbuzi. Yasiwekwe katika chupa ya soda. Yakimwagika, yaoshwe. Bidoni lifungwe kwa kufuli.

Sisi watu wa Katanga tunajua thamani ya pampu. Mgodi wa Kipushi, uliokuwa umesimama tangu 1993, pampu zake zilishindwa mwaka 2011 na maji yakaufurika. Ilipita miaka kabla ya uzalishaji kuanza tena mwaka 2024. Pampu ya motokari yako ni ndogo, lakini shida inaingia kwa njia ile ile: tone moja ambalo mtu ameliona na kusema, tutaangalia kesho.

Jumamosi hii, kabla ya kuwasha motere, piga goti uangalie chini ya pampu.