Vyombo vya dansi Kanda ya Ziwa (3): Besi ya zamani na patasi ya fundi

Makala mbili zilizotangulia zilihusu magitaa ya solo na ridhimu. Leo ni zamu ya besi, pamoja na swali ambalo kila mwenye chombo cha miaka ya 1960 au 1970 hukutana nalo siku moja: kifanyiwe mabadiliko mpaka kiende na muziki wa sasa, au kiachwe kama kilivyotoka kiwandani?

Wengi hujibu upesi kwamba kitu cha zamani hakiguswi. Jibu hilo limetoka mbali, na huko lilikotoka lina sababu zake. Leo Fender, ambaye alianza kama fundi redio mjini Fullerton, California, aliingiza sokoni besi ya Precision mwaka 1951 na Jazz Bass mwaka 1960. Mwaka 1965 akaiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Wakusanyaji wa Marekani wakaufanya mwaka huo kuwa mpaka: chombo kilichotengenezwa kabla yake hupimwa mpaka skrubu. Kikipakwa rangi upya, hata kwa mkono safi kabisa, wauzaji wengi huhesabu kwamba karibu nusu ya bei imekwenda. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya magitaa yaliyolala kwenye maboksi yake, chini ya vitanda, kwa miongo kadhaa.

Besi zetu hazikulala. Bendi nyingi za dansi zilikuwa za mashirika, majeshi na viwanda. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi, na walihama kweli, aliondoka na mikono yake tu, besi ikabaki ikimsubiri mwingine. Ilipigwa usiku kucha ukumbini, ikapakiwa kwenye lori, ikashushwa Shinyanga au Musoma ikiwa na vumbi mpaka ndani ya volyumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zikawa adimu, na spea za gitaa hazikuwa juu kwenye orodha ya mahitaji ya taifa. Fundi redio akafanya alichoweza.

Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza kama uibadilishe, jiulize kama haijabadilishwa. Chomoa waya wa amplifaya, fungua kifuniko, tazama mgongo wa volyumu. Kwenye magitaa ya Marekani kuna namba zilizogongwa hapo. Tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji (137 ni CTS, 304 ni Stackpole), zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Namba 1376632 maana yake ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 32. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko volyumu yake, ila kama volyumu iliwekwa baadaye. Ukikuta volyumu ya redio, risasi iliyomwagika kama uji na waya wa rangi tatu tofauti, basi uasili unaoulinda uliondoka zamani. Mwenye besi ya namna hiyo anayekataa kurekebisha chochote kwa hofu ya kushusha bei analinda bei ambayo haipo.

Hapo wapo wanaoruka upande wa pili: kama imekwisha kuguswa, basi tuichonge tutakavyo. Mimi siendi nao huko. Kuna kazi inayoweza kurudishwa nyuma na kuna isiyorudi. Skrubu hufunguliwa na kufungwa tena. Mti uliochongwa haukui. Kwangu huo ndio mpaka, na tarehe ya CBS haiuhusu kabisa.

Chukua mfano wa ngoma. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement na kufunguliwa mwaka 1968, yanazo ngoma za watemi. Hakuna mwenye akili atakayezivua ngozi ili zilie vizuri zaidi. Kazi yake sasa ni kutazamwa na kueleza zilikotoka. Lakini uwanjani hapohapo, wakati wa sikukuu ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinaposhindana, ngoma iliyopasuka huwambwa ngozi mpya na hakuna anayelalamika kwamba si ngoma tena. Mwenye besi aamue kwanza chombo chake kiko upande gani. Nadhani nyingi zilizobaki kandokando ya ziwa hili ziko upande wa uwanjani.

Sasa tuingie kwenye vitu vyenyewe. Freti, vile vichuma vya shingoni, huliwa na nyuzi. Zikiwa na mabonde, sauti hukwaruza na noti hazikai sawa. Kuziondoa na kuweka nyingine ni matunzo, almuradi fundi asichubue ubao wa vidole. Shingo nayo hupinda kwa unyevu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini pembeni yake kuna maji mengi na misimu miwili ya mvua, na mbao hulijua hilo. Ndani ya shingo nyingi mna nondo ya chuma ya kunyooshea. Izungushe robo mzunguko, uiache mpaka kesho, kisha utazame tena. Wenye haraka wameivunja.

Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Waya ukikatika besi inakuwa bubu, na mara nyingi mwenye nayo huambiwa anunue nyingine. Asikubali upesi. Pikapu huweza kufumwa upya, na anayefunga mota za pampu anaifahamu kazi hiyo vizuri kuliko muuza magitaa, ila hapa atahitaji jicho na subira zaidi. Hata ukiweka mpya, ile ya zamani usiitupe. Ifunge kwenye mfuko, andika tarehe, iache ndani ya boksi la gitaa. Volyumu, vikazio na kile kifuniko cha plastiki kilichopasuka vifanyie hivyohivyo.

Ombi la siku hizi, hasa kutoka kwa vijana wanaopiga kwenye kwaya, ni uzi wa tano na umeme wa betri. Uzi wa chini kabisa wa besi ya kawaida hutoa noti ya E, mitikisiko 41 hivi kwa sekunde. Uzi wa tano hushuka mpaka B, mitikisiko 31. Shingo ya nyuzi nne haina nafasi ya uzi wa tano, na anayejaribu kuubana huishia kuharibu vikazio na shingo pamoja. Ukizihitaji noti hizo, funga nyuzi nene, utuni B, E, A, D, na utengenezewe kikalio kipya cha juu ya shingo chenye mifereo mipana zaidi. Kile cha zamani kiende kwenye mfuko. Betri nayo inadai tundu, na tundu ndilo linalomwita fundi na patasi nyuma ya bodi. Kisanduku kidogo cha kukanyaga, kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, hufanya karibu kazi ileile bila kugusa mti.

Kuna mtu atanitajia Jaco Pastorius. Kweli, yule Mmarekani alikuwa na Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti, mashimo yake yamezibwa, ubao wa vidole umepakwa gundi ngumu inayotumika kwenye mashua. Mafundi wa mitumbwi wa Kirumba wangemwelewa mara moja. Albamu yake ya 1976 ilibadilisha masikio ya wapiga besi dunia nzima. Lakini alijua sauti anayoitafuta, na wakati huo gitaa lile lilikuwa chombo kilichotumika tu. Na mbele ya Jaco ninamweka James Jamerson wa Detroit, mpiga besi wa Motown, aliyekuwa na Precision ya 1962. Nyuzi zake bapa hakuzibadilisha mpaka ziishe kabisa, na aliziacha juu sana kutoka shingoni. Hakuhitaji kuchonga kitu.

Sauti ya namna hiyo, fupi na ya mviringo, ni jirani wa muziki wetu. Benga ya D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati katika mkoa wa Mara, husukumwa na besi. Tom Malanga wa Les Wanyika aliacha nafasi kati ya noti mpaka mchezaji akapata pa kuweka mguu. Anayetaka kupiga muziki huo kwa besi ya zamani anaweza kupata mabadiliko makubwa kuliko yote kwa kununua nyuzi bapa na kuweka kipande cha sponji chini yake, karibu na zinapofungwa. Zamani kampuni ya Fender iliweka kipande cha namna hiyo kiwandani, chini ya kifuniko cha chuma ambacho wapigaji wengi walikitoa na kukipoteza.

Swali la mwisho ni la viraka vya mafundi waliotangulia: skrubu isiyofanana na wenzake, kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi kushikilia jeki, pengine kutoka Makoroboi, Mwanza, ambako makopo yalikuwa yakigeuzwa taa. Mkusanyaji angeviita uharibifu. Kama kinashika, kiache. Kama kimelegea, kikaze. Kikibidi kutoka, kipige picha kabla, kisha kiende kwenye mfuko pamoja na vingine.

Makala ijayo itahusu amplifaya na spika, ambako kosa la fundi linaweza kumpiga mtu shoti, si kushusha bei tu.