Celtics hawakuwa wavivu: Kwa nini waliziacha ribaundi za ushambulizi

Wapenzi wa mpira wa vikapu hapa Pwani tuna ubishi mmoja usiokwisha. Timu inayoshindwa kudaka mipira yake yenyewe inaporudi kutoka kwenye ringi, je, ni timu ya wavivu? Jina linalotajwa sana katika ubishi huo ni Boston Celtics wa kocha Doc Rivers, wale wa akina Kevin Garnett, Paul Pierce, Ray Allen na Rajon Rondo. Wengi husema wazee wale walikuwa wamechoka. Mimi naona uzee ulikuwamo, ila haukuwa chanzo.

Tuanze na maana, tusije tukabishana kila mtu na lake. Mchezaji akitupa mpira ukakosa kikapu, ukagonga ringi au ubao na kurudi, anayeudaka amepata ribaundi. Wakiudaka walinzi, hiyo ni ribaundi ya ulinzi, nayo ndiyo ya kawaida kwa sababu mlinzi husimama kati ya mshambulizi na kikapu. Akiudaka mtupaji mwenyewe au mwenzake, hiyo ni ribaundi ya ushambulizi, na timu yao hupata nafasi ya pili.

Kipimo nacho kina mtego. Ukihesabu idadi peke yake utadanganyika, kwani timu yenye shabaha hukosa mara chache, na mipira ya kudaka huwa michache. Swali la haki ni hili: katika kila mipira 100 iliyokosa na kurudi, wameokota mingapi wenyewe? Msimu wa 2011/12 timu ya kawaida ya NBA ilipata kama 27. Celtics hawakufika 20. Kwa mechi moja walipata wastani wa ribaundi 7.7 za ushambulizi, wa mwisho katika timu 30, wakati wastani wa ligi ulipita 11. Msimu uliotangulia pia walikuwa mkiani.

Sasa sababu. Ya kwanza na kubwa ni amri ya kocha. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na Rivers aliamua mapema ni lipi la kushika. Mpira ukishatoka mkononi mwa mtupaji, wachezaji wake wengi walitakiwa kugeuka na kukimbia nyuma kulinda, wala si kujazana chini ya ringi. Hesabu yake inaeleweka. Kikapu rahisi kuliko vyote ni kile cha mbio, kinachofungwa kabla walinzi hawajajipanga. Ukipeleka watu watatu kugombania mpira na wakaukosa, wapinzani wanaondoka watano dhidi ya wawili.

Na Celtics chakula chao kilikuwa ulinzi. Mfumo wao, ulioundwa na kocha msaidizi Tom Thibodeau aliyekuwa nao kuanzia 2007 hadi 2010, ulihitaji watu watano waliokwisha kusimama mahali pao, mmoja akipitwa mwenzake yuko tayari kuziba. Kwa ulinzi huo walitwaa ubingwa wa 2008, wakiwafunga Los Angeles Lakers mechi nne kwa mbili, ile ya mwisho kwa 131 kwa 92. Aliyeshiba kwa njia hiyo si rahisi kumwambia abadili mpishi.

Sababu ya pili ni mahali walipokuwa wakisimama warefu wao. Ribaundi nyingi za ushambulizi huokotwa na mtu aliye karibu na kikapu. Garnett, mrefu kuliko karibu wote, alipenda kumwekea Rondo kizuizi kisha kurudi nyuma kutupa kutoka mbali, karibu na mstari wa mitupo ya adhabu. Brandon Bass, aliyekuja msimu wa 2011/12, naye riziki yake ilikuwa hukohuko. Mtu aliye mita tano kutoka kwenye ringi hata awe na mikono mirefu kama mlingoti hawezi kuudaka mpira unaoangukia chini ya ubao. Ray Allen naye alikuwa mtu wa mitupo ya pointi tatu. Kwa hiyo Celtics wakikosa, chini ya kikapu mara nyingi walikuwako wapinzani watupu.

Ya tatu ni watu walioondoka. Kendrick Perkins, senta wao wa kazi ngumu, alipelekwa Oklahoma City Thunder Februari 2011. Shaquille O'Neal akastaafu Juni mwaka huohuo. Garnett, aliyezaliwa 1976, ndiye aliyeishia kucheza senta. Hapa ndipo uzee unapoingia: mwili wa miaka 35 una nguvu za kukimbia nyuma au za kusukumana chini ya ringi, si zote mbili kwa msimu mzima. Kocha akachagua moja.

Je, uchaguzi huo ulikuwa na gharama? Ulikuwa nayo, na hati ya malipo ililetwa usiku mmoja. Ni mechi ya saba ya fainali ya 2010, Los Angeles, Juni 17, kwetu ikiwa alfajiri ya tarehe 18. Perkins alikuwa ameumia goti katika mechi ya sita. Lakers walitupa vibaya mno, 27 kati ya 83, na Kobe Bryant alifunga 6 tu kati ya 24. Timu inayotupa hivyo hupoteza. Lakini Lakers walishinda 83 kwa 79, ingawa Celtics waliwahi kuongoza kwa pointi 13.

Jibu liko kwenye ribaundi za ushambulizi: Lakers 23, Celtics 8. Pau Gasol peke yake aliokota 9, moja zaidi ya Boston nzima. Tazama pia mitupo: Lakers walijaribu mara 83, Celtics mara 71. Mitupo 12 ya ziada ni mtaji mkubwa, na katika mechi iliyoamuliwa kwa pointi nne ndiyo tofauti ya kombe na machozi. Kwa haki, sehemu kubwa ya balaa ile ilitokea upande wa ulinzi, walikoshindwa kumzuia Gasol bila Perkins. Lakini pia walikuwa timu iliyozoea kutupa mara moja na kurudi nyumbani, na usiku ule mtupo wa kwanza haukutosha.

Hata hivyo simlaumu Rivers moja kwa moja. Msimu uleule wa 2012 waliposhika mkia kwa ribaundi za ushambulizi, ulinzi wao uliwafikisha mechi ya saba ya fainali ya Mashariki dhidi ya Miami Heat, waliokuja kuwa mabingwa. Mpango wake ulifaa kwa timu yenye shabaha na miguu iliyochoka. Udhaifu wake ni kwamba hauna akiba: shabaha ikigoma, hakuna nafasi ya pili ya kukuokoa.

Miaka ya karibuni timu nyingi za NBA zimerudi kuzifuata ribaundi hizo, kwa ujanja mpya. Mshambulizi hakimbilii ringi ovyo. Anamfuata mpinzani wake na kumganda kwa nyuma. Mpira ukimwangukia, heri. Ukimkosa, tayari ameshamkaba mtu wake na mbio zimezimwa. Yaani yale mawili ya wahenga yanaweza kushikwa, ila kwa mazoezi.

Ukitazama mechi nyingine, iwe ya NBA au ya KPA hapa Mombasa, mpira ukiwa hewani usiutazame. Tazama miguu ya wale wanne wasiotupa. Ikigeuka nyuma yote kwa pamoja, ujue hiyo ni amri. Ikibaki imesimama tu, isiende mbele wala nyuma, basi hapo ndipo pa kusema uvivu. Na nyinyi makocha wa vijana wetu, kabla ya kumfokea mtoto kwa kutookota ribaundi, jiulizeni kwanza mlimwambia aende wapi mpira unapotupwa. Wengi hawajaambiwa lolote.