Ukilala kwenye baridi, jiko la mkaa libaki nje

Juni na Julai ni miezi ya baridi kali hapa Marangu. Ndiyo miezi ambayo wageni wengi hupanda Mlima Kilimanjaro, na vijana wetu hupanda nao kama wapagazi. Wengine hupiga kambi na wenzao wakati wa likizo. Hivi karibuni mama mmoja aliniuliza: “Daktari, mwanangu atalala kwenye hema huko juu. Nimfungie kajiko ka mkaa?”

Nilimjibu, hapana mama. Leo naeleza sababu, na nini afanye badala yake.

Jiko ni mwili wako

Joto la kawaida la mwili ni karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, ubongo na moyo huanza kuyumba. Blanketi halitengenezi joto, linazuia tu joto lako lisitoke. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Kwa hiyo Horombo, kwenye mita 3,720, kuna baridi zaidi ya langoni Marangu kwa nyuzi kama 11.

Baridi huanzia chini

Wengi hujifunika mablanketi matatu juu na kulala kwenye turubai tupu. Ardhi hunyonya joto usiku kucha. Weka godoro jembamba la sponji chini yako, au majani makavu ya migomba kama uko kijijini. Wanaolala kwenye bembea iliyofungwa kati ya miti hupata shida hiyohiyo: upepo hupita chini yao, na mfuko wa kulalia ukigandamizwa na mwili hauzuii baridi tena. Nao wanahitaji godoro ndani ya bembea.

Kabla ya kulala

• Vua nguo zote zilizoloa jasho au mvua, hata soksi. Vaa kavu, ikiwezekana za sufu. Pamba ikiloa hupoza mwili.
• Funika kichwa na shingo, lakini usifunike pua na mdomo.
• Kula chakula cha kushiba na unywe uji au chai ya moto.
• Nenda haja ndogo, usiibane.
• Jaza maji ya moto kwenye chupa imara, ifunge vizuri, ivishe soksi, kisha iweke karibu na mapaja.
• Usinywe mbege wala pombe nyingine “ya kupasha mwili.” Pombe hutanua mishipa ya ngozi. Unahisi joto huku ukilipoteza.

Kwa nini si mkaa

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Hema au chumba kilichofungwa ni mtego, na kufungua upenyo kidogo si kinga. Watu wakiumwa kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu pamoja, watoke nje mara moja na wafike hospitali, hata wakijisikia nafuu.

Dalili za hatari

Kutetemeka ni mwili unapigana. Hofia zaidi mtu anapoacha kutetemeka huku bado ana baridi, anapoongea kama mlevi, kupepesuka au kusinzia ovyo. Mtoto mchanga hapigi kelele: hunyamaza, hukataa kunyonya, na tumbo lake huwa la baridi.

Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizoloa, mfunike juu na chini. Mtoto mchanga mweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Kama mgonjwa yuko macho na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, wala usimweke karibu na moto. Mpeleke hospitali. Akiwa mlimani, kupepesuka na kuchanganyikiwa kunaweza pia kuwa ugonjwa wa kimo, hivyo ateremshwe bila kusubiri asubuhi.

Mama yule aliondoka na orodha fupi: godoro la sponji, soksi mbili kavu, kofia na chupa. Nikamwomba jambo moja zaidi: usiku huo huo, jiko analoliweka chumbani kwa wajukuu alitoe nje. Gesi ya mkaa haichagui hema wala nyumba.