Siku ya Gwaride Katika Nyumba ya Askari

Kila tarehe 9 Oktoba Uganda huadhimisha uhuru wake, uliopatikana mwaka 1962. Habari nyingi huandikwa juu ya sherehe kuu ya taifa. Lakini miji midogo ya wilayani nayo huwa na gwaride lake, katika kiwanja cha mpira au cha shule, na huko ndiko familia nyingi za askari huionea sikukuu. Leo tuitazame siku hiyo kwa upande wa mama na watoto, maana siku ya gwaride baba si wa nyumbani.

Kazi huanza usiku. Sare hupigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na buti hupakwa rangi zikang'aa. Alfajiri, baba asitoke na tumbo tupu. Askari aangukaye gwaridani mara nyingi si mgonjwa wala mwoga. Mtu akisimama wima muda mrefu bila kusogea, damu hutuama miguuni, ile iendayo kichwani ikapungua, naye akazirai. Jua na kiu huzidisha hatari hiyo. Basi apewe chai, mihogo na maji ya kutosha. Akiwa mstarini asikaze magoti, na achezeshe vidole vya miguu ndani ya buti. Aangukaye alazwe kivulini, miguu iinuliwe, wala asisimamishwe kwa haraka.

Mama naye ajitayarishe. Oktoba ni majira ya mvua, na jua la asubuhi lisimdanganye: achukue mwavuli, maji yaliyochemshwa, chapati na karanga. Watoto waonyeshwe mapema mahali pa kukutania endapo watapoteana, kama vile chini ya mti unaojulikana. Hata aliye mdogo ajue kutaja majina kamili ya wazazi wake na kambi anayokaa.

Kiwanjani, wanaposubiri mgeni wa heshima, mama apate nafasi ya kuwafundisha. Katika bendera yetu, rangi nyeusi ni watu wa Afrika, manjano ni jua, na nyekundu ni udugu wetu. Korongo wa katikati ameinua mguu mmoja, ishara ya nchi isongayo mbele. Wimbo wa taifa ulitungwa na George Kakoma, naye alikuwa Mganda kama wao.

Bendi ikilia na vikosi vikipita, mtoto humwona baba yake akamwita kwa sauti. Baba hageuki. Wengine hulia, wakidhani wamekataliwa. Waelezwe tangu nyumbani kwamba aliye mstarini hamjibu hata mamaye, na kwamba kunyamaza kwake ni utii, si ukosefu wa upendo.

Liko jambo zito zaidi. Tangu Machi 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakihudumu Somalia, na baadhi yao hawakurudi. Katika kambi zetu wamo watoto ambao gwaride hupita na macho yao yasimwone wa kwao. Mtoto wa namna hiyo asidanganywe kwamba baba atakuja kesho. Kesho ikifika bila baba, hatamwamini tena aliyemwambia. Aambiwe kweli kwa maneno ya umri wake. Na jirani mwenye watoto wanne asishindwe kumshika mkono wa tano, amkalishe mbele, ampe chapati sawa na wanawe. Udugu ni kufaana, si kufanana.

Jioni, chakula kiwe cha kadiri. Muhula wa tatu wa shule bado unaendelea, na deni la sikukuu hulipwa kwa daftari za watoto. Baba atokapo kiwanjani aje nyumbani kwanza, kabla ya kilabuni. Apewe maji ya moto ya kukanda miguu, kisha watoto wampigie gwaride lao uani. Safari hii wakimwita, ataweza kuitika.