Mapambo ya sikukuu na hatari ya moto maktabani

Desemba ikishaanza ofisi zetu hubadilika sura. Hutangulia bendera za tarehe 9, hufuata Krismasi na Mwaka Mpya, na wengine hawaondoi kitu mpaka Mapinduzi ya Januari 12 yapite. Benki hupambwa, hoteli hupambwa, na maktaba nazo hazitaki kubaki nyuma. Sina ugomvi na jambo hilo. Mtoto aliyevutwa ndani na mti unaometameta anaweza kutoka na kitabu mkononi. Wasiwasi wangu ni pale anayepamba anaposahau kwamba jengo lile limejaa karatasi.

Mwaka mmoja nilikwenda katika maktaba moja ya mjini kutafuta magazeti ya zamani. Nikakuta taa za rangi, zile za kuwaka na kuzimika, zimezungushwa kwenye rafu ya magazeti yenyewe. Waya wake umechomekwa kwenye ekstensheni, ekstensheni hiyo imechomekwa kwenye nyingine, na ya mwisho imepitishwa chini ya zulia. Niliweka kiganja juu ya zulia, nikakuta pana joto. Jioni mhudumu alizima taa za ukumbini, lakini zile za rangi akaziacha ziwake usiku kucha ili wapita njia wazione.

Hebu tueleze kinachotokea. Waya ukibebeshwa umeme kupita uwezo wake hupata joto. Ukiwa wazi, joto hilo hupotea hewani. Ukiwa chini ya zulia, joto halina pa kwenda, plastiki ya waya hulainika, na nyaya za ndani zikigusana hutoa cheche. Hiyo ndiyo sisi watangazaji tunaiita "hitilafu ya umeme" katika taarifa ya habari, kana kwamba umeme umejikosea wenyewe. Karatasi haihitaji moto mkubwa. Nyuzi 230 za Sentigredi au zaidi kidogo zinatosha kuiwasha, na cheche ya umeme ina joto kali mara nyingi kuliko hapo.

Tarehe 29 Aprili, 1986, Maktaba Kuu ya Jiji la Los Angeles, Marekani, iliungua kwa zaidi ya saa saba. Chanzo hakikuthibitishwa, na sisemi kwamba yalikuwa mapambo. Ninachotaka tukione ni hesabu ya hasara: vitabu kama 400,000 viliteketea, na vingine kama 700,000 viliharibiwa na moshi na maji ya kuzimia moto. Vilivyolowa ilibidi vigandishwe kwenye majokofu makubwa visiote ukungu, kwa sababu karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili tu. Nani kati yetu ana majokofu ya kiasi hicho?

Aprili 18, 2021, moto wa nyika ulioanzia Mlima wa Meza ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuunguza ukumbi wa Maktaba ya Jagger, uliokuwa na machapisho mengi kuhusu Afrika. Sehemu nyingine zilisalimika kwa sababu milango ya kuzuia moto ilijifunga. Basi mlango wa namna hiyo ukiegemezewa mti wa Krismasi ili ubaki wazi, kazi yake imekwisha. Vivyo hivyo mtungi wa kuzimia moto uliofunikwa na vitambaa vya rangi, au mlango wa dharura uliozibwa na meza ya zawadi.

Kwa hiyo mapambo yakae mbele, karibu na meza ya mapokezi, mbali na rafu. Taa ziwe za LED, ambazo hazipati joto kama balbu za zamani, zichomekwe moja kwa moja ukutani, na anayefunga mlango ndiye achomoe plagi. Mishumaa isiwashwe kabisa, hata kwa dakika tano za kupiga picha.

Siku hizi kuna mtindo wa kupanga vitabu kimoja juu ya kingine mpaka vifanane na mti. Unapendeza, nakubali. Lakini tumieni vitabu vilivyokwisha kuondolewa katika orodha, maana vya chini huvunjika mgongo, na rundo lisizidi kimo cha mtoto, kwa sababu mtoto atachomoa cha katikati. Msiuzungushie taa.

Wale wanaopenda matawi ya mkrismasi yenye maua mekundu, nao wakumbuke kwamba tawi huja na sisimizi, na chombo chake kina maji. Kikiwekwa juu ya rafu, kikipinduka kitalowesha safu nzima.

Halafu kuna selotepu. Ikibandikwa juu ya jalada la kitabu, Januari hubanduka pamoja na rangi ya jalada, na gundi inayobaki huvuta vumbi na kugeuka manjano. Uzi wa pamba uliofungwa kwenye msumari wa ukutani unafanya kazi ile ile.

Yule mhudumu nilimwita jioni ile ile, nikamwomba aweke mkono wake juu ya zulia. Hakunijibu kitu. Alikwenda ukutani akachomoa plagi, kisha akaniomba nimshikie ngazi ateremshe zile taa.