Maji Matamu ya Gucha, Chumvi ya Nyatike

Nyamache, kaunti ya Kisii, hakuna anayelalamikia chumvi. Mvua ya Kisii hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na imeusafisha udongo wa vilima vile kwa karne nyingi. Ndiyo maana chai, inayopenda udongo wenye asidi, inanawiri huko. Vijito vya Nyamache huingia mto Gucha, unaoanzia vilima vya Kiabonyoru kaunti ya Nyamira. Ukifika kwa Waluo unaitwa Kuja, nao humwaga maji yake Ziwa Victoria baada ya kupita tambarare ya Nyatike, kaunti ya Migori. Huko jua ni kali na mvua haitabiriki, na ndiko ulikojengwa mradi wa umwagiliaji wa Lower Kuja.

Wengi hudhani maji yakiwa matamu, shamba halitaingia chumvi. Tupige hesabu. Tuseme lita moja ina gramu 0.2 tu za chumvi, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua. Hekta moja ikipata mita za ujazo 10,000 kwa mwaka, imepokea tani 2 za chumvi. Mmea hunywa maji na kuiacha karibu chumvi yote. Jua nalo huvukiza maji tu. Kama hakuna pa kutokea, baada ya miaka 10 ni tani 20.

Pa kutokea ni mtaro wa kutoa maji, na hapo ndipo bajeti hukatwa kwanza. Mfereji wa kuingiza maji hupigwa picha siku ya uzinduzi, mtaro hauna mgeni rasmi. Kwenye udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, kosa hilo ni ghali, kwa kuwa maji hupenya polepole mno. Maji ya chini ya ardhi hupanda, na yakifika kama mita moja na nusu kutoka juu, udongo huanza kuyafyonza wenyewe. Mkulima huona ukoko mweupe migongoni mwa matuta. Maharagwe huungua ncha za majani mapema, mahindi hufuata, mpunga huvumilia zaidi.

Dawa ni kumwagilia zaidi kidogo ya mahitaji ya mmea, ili maji ya ziada yaisukume chumvi chini ya mizizi. Kwa mahindi yanayonyweshwa maji matamu kama yale ya hesabu yetu, ziada ya asilimia 4 hivi inatosha. Maji yakiwa na chumvi mara tano ya hapo, ziada hupita asilimia 20. Kwa hiyo maji ya mtaroni, yaliyobeba chumvi iliyosukumwa, yasirudishwe mtoni juu ya banio la jirani. Mwaka 1961 mashamba ya Wellton-Mohawk, Arizona, yalimwaga maji ya namna hiyo katika mto Colorado, na mazao ya Mexicali, Meksiko, yakaharibika. Suluhu ilipatikana 1973, na Marekani ikabeba gharama ya mfereji wa kuyapitisha pembeni.

Nyamache nayo imo katika hesabu. Mikaratusi kando ya vijito na matofali yanayofyatuliwa kwenye maeneo oevu hupunguza maji ya kiangazi, wakati Nyatike inapohitaji ile ziada. Udongo unaosombwa milimani nao huziba mifereji.

Mkutano wa hadhara ukiitishwa, wananchi waombe ramani ya mitaro kabla ya ile ya mifereji. Kisha waulize nani atachimbia mabomba yenye matundu, ya kina cha mita 2 au 3, na kupima kila mwezi maji ya chini yamefika wapi. Kazi hiyo yahitaji kamba yenye alama na mtu mmoja anayelipwa.